Rangi ya Mbegu za Avoka

Kisangani, Kabondo, 8 Septemba 2024

Mama yangu,

Salamu kwako na kwa Papa. Huku watoto ni wazima, na mimi ni mzima. Ninakuandikia kwa Kiswahili ili usome mwenyewe, maana kuna mambo sitaki yapitie mdomo wa mtu mwingine. Simu yangu imefungiwa kabatini kwa Mama Mwamini. Anasema msichana aliyekaa nyumba ya msiba hana haja ya kuzungumza na mji mzima. Lakini Rachidi wa pikipiki huleta samaki hapa kila akitoka Ubundu, na amekubali kubeba barua zetu.

Mama, ulipoondoka baada ya arobaini ya dada yangu, yaya Zaituni, ulisema nibaki wiki mbili tu, mpaka Shemeji Abdulhamid apate mtu wa kulea watoto. Sasa ni miezi miwili. Sijaona mtu akitafutwa. Shemeji anatoka asubuhi kwenda kuuza vipuri vya baiskeli, anarudi jioni, anasalimia akiwa amegeukia ukuta. Dada yake, Mama Mwamini, ndiye mwenye ufunguo wa lango. Ameufunga kwenye pindo la kitenge chake. Hata maji huletwa na mtu mlangoni ili mimi nisitoke kwenda bombani.

Mohamadi alikuwa hasemi, unakumbuka. Tangu mazishi alikuwa anaonyesha kwa kidole tu. Wiki iliyopita nilikuwa namenya vitunguu, naye akawa anakusanya maganda kwenye bakuli. Sikuwa na cha kumpa acheze, nikayachemsha yale maganda kwenye mbabula, lile jiko la makaa, moto mdogo, ili nione atafanya nini. Maji yakawa ya rangi ya chungwa. Akainama, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Fanta." Mama, nilikaa chini.

Tangu siku hiyo hatutupi kitu cha jikoni. Tumechana shuka moja kuukuu vipande vipande. Tunaviloweka kwanza kwenye maji ya majivu, halafu kwenye rangi. Manjano inatoa rangi inayowaka. Majani ya ngai-ngai, ile mboga chachu, yanatoa waridi hafifu, na Nyota akikamulia ndimu inakuwa waridi kali. Nyota, dada yake Mohamadi, ana miaka sita lakini ananiamuru kama mkaguzi. "Mama mudogo, weye unakorogaka vibaya. Polepole, itaungua."

Jirani yetu Pélagie, anayefundisha watoto wadogo kwenye shule ya maternelle nyuma ya ukuta, aliona vitambaa kwenye kamba. Akauliza, "Munapika nini huko, mandazi ao nguo?" Nyota akamjibu kabla yangu. Sasa anataka niende darasani kwake asubuhi mbili kwa wiki kuwaonyesha watoto. Mama Mwamini amekataa. Naomba wewe umwambie. Na naomba uniambie ninarudi lini, maana nimefaulu mtihani wa serikali, na kuandikishwa kwenye chuo cha ualimu kunafungwa katikati ya Oktoba.

Binti yako,
Safiya


Ubundu, 19 Septemba 2024

Safiya mwanangu,

Barua yako imefika. Nimefurahi Mohamadi anasema. Nilimlilia Mungu kwa ajili ya ulimi wake.

Mambo ya chuo yapo, hayakimbii. Watoto ndio wanaokua haraka. Wewe ni mama yao mdogo. Hiyo si kazi, ni damu. Usimsumbue Mama Mwamini na habari za kutoka. Nyumba ile bado watu wanaiangalia, na msichana anaangaliwa zaidi.

Papa yako na wazee wa familia walikaa Ijumaa kuzungumza juu ya nyumba ya Zaituni. Yatakayoamuliwa utaambiwa. Mheshimu Abdulhamid, ni mtu mpole, hakumnyanyasa dada yako hata siku moja.

Usiharibu nguo za watu na rangi zako.

Mimi mama yako


Kisangani, 29 Septemba 2024

Mama,

Hukuniambia ninarudi lini.

Nina jambo la kukueleza, na nitalieleza taratibu ili nisikosee. Mkokoteni wa avoka ulipita mlangoni, Mama Mwamini akanunua nyingi, tukala siku mbili. Nyota akakataa mbegu zitupwe. Tulizikwaruza kwenye kikwaruzio cha nazi. Ndani mbegu ni nyeupe kama muhogo, Mama, lakini ikikaa kidogo inageuka rangi ya kutu, na maji yake yanashika. Sikujua yanashika ngozi pia. Nilikwaruza mimi ili watoto wasijikate. Kufika jioni viganja vyangu na kucha vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo. Nikapaka ndimu. Nikasugua kwa sabuni ya mawese, rangi ikazidi kuiva. Watoto walicheka sana. Mohamadi alisema, "Mama mudogo amekomaa."

Kesho yake Mama Mwamini akaja na wanawake watatu wa ukoo wao. Nilileta chai. Mmoja akanishika mkono alipopokea kikombe, akaugeuza.

"Angalieni. Mutoto wa watu amejipaka hina mwenyewe."

"Hawa wa siku hizi hawangojake kupakwa," mwingine akasema, wakacheka.

Mama Mwamini hakucheka. Aliniangalia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Akasema, "Safiya, mwanangu. Hii nyumba utaiacha? Hawa watoto utawaachia nani?"

Nilitaka kusema avoka. Ni neno dogo tu. Unajua nilivyo mbele ya watu. Hata shuleni mwalimu alikuwa ananiruka wakati wa kusoma kwa sauti kwa sababu darasa lingengoja mpaka kengele. Niliangalia sinia.

Nyota akasema, "Si hina. Ni ya avoka."

"Weye nyamaza, watu wakubwa wanasema."

"Lakini ni ya avoka, hata ukinusa."

"Nyota."

Halafu Mama Mwamini akawaambia wenzake, "Amenyamaza. Munaona? Amenyamaza." Na mmoja akapiga kigelegele, ndani ya nyumba ya msiba, Mama. Mwingine akanibusu paji la uso.

Tangu siku hiyo nimeletewa kitanda kipya. Mama Mwamini ananiita mke wetu. Nadhani ninaelewa, lakini sitaki kuandika ninachokielewa. Niandikie wewe kwamba nimekosea.

Safiya


Ubundu, 6 Oktoba 2024

Mwanangu, mwanangu,

Habari zako zilifika kabla ya barua yako. Mama Mwamini alimtuma mtu kwa Papa yako: msichana amekubali, amejipaka hina kwa mkono wake mwenyewe, ameulizwa mbele ya wanawake akanyamaza kama mtoto aliyelelewa. Nililia kwa kushukuru. Nilikuwa naogopa utakataa, Safiya. Kila usiku nilikuwa nafikiri nitakuambiaje.

Sasa barua yako imefika, inazungumza habari za avoka. Nimeisoma mara nyingi. Najua mtu akiona haya hutafuta njia ya kuzunguka, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Usione aibu. Dada anaingia nafasi ya dada ili watoto wasilelewe na mgeni. Bibi yako aliingia hivyo, na mimi ni mtoto wa ndoa hiyo.

Papa yako amekula chakula cha posa. Nikaha ni Ijumaa tarehe 25, bila ngoma, kwa heshima ya marehemu. Papa atakuja. Mimi sitakuja. Tangu tumzike Zaituni siwezi kuiona nyumba ile. Utanisamehe.

Mama yako


Kisangani, 13 Oktoba 2024

Mama,

Sizunguki. Ilikuwa avoka. Sikukubali chochote, sikujua nilichoulizwa.

Shemeji sina ubaya naye. Lakini nikimwona ninamwona yaya Zaituni anamkunjia shati. Ninalala na watoto wake wawili, mmoja kila upande, na Mohamadi akiota ananishika shingo. Ninawapenda mpaka inaniuma. Kama kuwapenda ndiko kukubali, basi nimekubali. Lakini sivyo ulivyonifundisha.

Nina miaka kumi na tisa. Nataka kufundisha watoto wadogo. Ninajua sasa kwamba ninaweza, kwa sababu kwa watoto sauti inatoka.

Mwambie Papa asije. Tafadhali njoo wewe. Lango limefungwa, na hapa hakuna mtu wa kumwambia.

Safiya


Ubundu, 17 Oktoba 2024

Safiya,

Barua yako nimeifungua mimi. Mama yako hajaiona na hataiona. Alizika mtoto mmoja mwaka huu.

Nimekula chakula cha watu na nimepeana nao mkono. Kama ulikuwa na neno, ulikuwa na mdomo siku ile. Hukusema, na sasa unaandika. Karatasi haikatai kuandikwa.

Nitafika Alhamisi ijayo kwa treni, Mungu akipenda.

Papa yako,
Lukumani


Kisangani, Jumanne, 22 Oktoba 2024

Shemeji Abdulhamid,

Utashangaa kupata barua kutoka chumba cha watoto wako. Kati yangu na wewe kuna ua na kamba ya nguo tu, na sasa hivi ninakusikia unakohoa. Lakini siwezi kusema mbele yako, ndiyo maana ninaiweka barua chini ya sahani yako ya wali.

Mikono yangu haikuwa hina. Tulikuwa tunakwaruza mbegu za avoka na watoto ili kupaka rangi vitambaa. Waulize. Nyota atakuonyesha kikwaruzio. Nilipoulizwa na wanawake nilinyamaza kwa sababu huwa ninanyamaza.

Sitaki kuolewa. Si kwa sababu ya ubaya wowote kwako. Nimemwandikia Mama, na Papa ameizuia barua. Nimebaki na wewe tu. Ukikataa wewe, kila kitu kitakwisha. Nakuomba ukatae.

Shemeji yako,
Safiya


Kisangani, Jumatano, 23 Oktoba 2024

Shemeji Safiya,

Nami nitajibu kwa kalamu, maana si vizuri nije kusimama mlangoni kwako. Nimemtuma Nyota. Amenionyesha kikwaruzio hata kabla sijauliza.

Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyeomba. Dada yangu alisema, "Msichana mwenyewe amejipaka, utamwaibisha?" Sikuwa nimefikiri kuoa. Lakini sitakudanganya: niliposikia nilipumua. Nilifikiri kwamba usiku kuna mtu atakayejua Mohamadi akilia anataka nini. Mimi sijui. Ninasimama pale na taa.

Unaniomba nikatae. Nimefikiri tangu jana. Nikikataa mimi, siku mbili kabla, na mji umeshasikia, watasema nimekuona na kasoro. Jina hilo utatembea nalo mpaka uzeeni, na hakuna atakayeuliza habari za avoka. Sitaki kukufanyia hivyo.

Lakini imamu wetu ni mtu wa kuangalia sheria. Ijumaa hatamuuliza papa yako peke yake. Atakuja na mashahidi wawili mpaka kwenye pazia lako, akuulize wewe. Ukinyamaza, watahesabu umekubali. Ukisema hapana, ameniambia kwa kinywa chake, hakuna ndoa, hata babako aje na wazee wote wa Ubundu. Lakini lazima useme. Hawezi kupokea barua.

Kuna jambo jingine, na ni haki ulijue kabla. Dada yangu ameapa: usipobaki, watoto watagawanywa. Nyota ataenda kwa binti yake aliye Yanonge, na Mohamadi kwa kaka yetu aliye Kindu. Mimi niko dukani mchana kutwa, na yeye hawezi tena kulea. Nitajaribu kumzuia. Sikuahidi kwamba nitaweza, maana dada yangu ndiye aliyenilea.

Abdulhamid


Kisangani, nyumbani kwa Pélagie, 27 Oktoba 2024

Mama,

Hii nimempa Rachidi na kumwapisha aitie mkononi mwako, si kwa Papa. Ile ya tarehe 13 hukuipata. Niliandika kwamba sikukubali na nikakuomba uje. Papa aliizuia.

Usiku wa Alhamisi sikufikiri habari za ndoa. Nilifikiri Nyota yuko Yanonge na Mohamadi yuko Kindu, na hakuna anayewakumbusha kwamba walikuwa wawili. Nilisema moyoni, basi, nyamaza, Safiya. Ni rahisi, umezoea. Asubuhi nilivaa nguo waliyonipa, na bado nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Walikuja baada ya swala. Pazia lilikuwa la chumba cha watoto. Mama Mwamini alikaa kando yangu. Mohamadi alikataa kutoka, akakaa juu ya miguu yangu. Papa nilimjua kwa kikohozi. Imamu alitaja jina langu na jina lako na jina la Papa, akauliza kama ninakubali.

Mama Mwamini akasema, "Amenyamaza, sheikh."

"Nimesikia kwamba amenyamaza," imamu akasema. "Nitauliza tena. Mwali huona haya."

Akauliza tena. Mohamadi akainua kichwa, akaninong'oneza, lakini kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia: "Mama mudogo, anakuuliza. Ujibu."

Hivyo ndivyo ninavyomwambia kila siku, Mama, tangu ulimi wake uliporudi. Ujibu, usionyeshe na kidole. Sikuweza kumnyamazia mtoto yule.

Nilisema hapana. Ilitoka kama kuku aliyekanyagwa.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Sema tena, mashahidi wasikie."

"Hapana. Sikubali. Naomba munisamehe."

Imamu akasema, "Hakuna la kusamehewa hapa, binti. Umeulizwa." Halafu nikasikia viti vinasogezwa. Papa alitoka na watu wengine. Hakusimama kwenye pazia. Baadaye alimwambia Shemeji aniambie nisirudi Ubundu.

Mama Mwamini hakupiga kelele. Alisema, "Bon. Ufunge mizigo yako," akafungua pindo la kitenge na kunirudishia simu, imezimika. Nilipitia lango lile mchana, watu wanaangalia. Nyota alinifuata mpaka barabarani na sufuria yetu ya rangi, akalia kwa hasira, "Unatuachia nani? Unatuachia nani?" Alikuwa amelisikia swali lile kwa shangazi yake.

Pélagie amenipa godoro sebuleni kwake, na kazi ya kumsaidia darasani kwa chakula tu. Chuo kimefunga kuandikisha tangu tarehe 15. Shemeji ameanza kuleta watoto kwa Pélagie asubuhi kwa sababu hana mahali pengine pa kuwaweka, lakini Mama Mwamini amesema mwisho ni tarehe 15 Novemba, halafu wataondoka. Jana tulichemsha maganda ya vitunguu na watoto ishirini. Mohamadi hakusema neno. Alikaa amenishika sketi.

Nilifikiri nikishasema nitapumua. Bado. Ukutani kwa Pélagie ninasikia Mama Mwamini akimwita Nyota aoge, na siwezi kwenda.

Safiya


Ubundu, 5 Novemba 2024

Safiya,

Rachidi alinipa barua sokoni, mbele ya meza yangu ya chumvi, akakataa kuondoka mpaka aone ninaifungua.

Nilimuuliza Papa yako ile nyingine iko wapi. Alinipa. Nimeisoma. Kisha nikamwambia: Mkristo mmoja amempa mtoto wangu godoro, na mimi nina nyumba nzima. Bado hajajibu, na wewe usimngoje. Atakapokuwa tayari atakohoa.

Uliandika avoka nikafikiri unaona haya. Mtoto wangu aliniambia ukweli kwa wino, na mimi nikaamini habari za watu walioangalia kucha zake. Nimekaa na hilo.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Zaituni. Mimi nilipoulizwa nyuma ya pazia, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimejizuia kutapika. Wakasema amekubali. Nimeishi vizuri na Papa yako, sina shtaka. Lakini jibu langu hakuna anayelijua, na mimi mwenyewe silijui. Sikupata kulisikia.

Sasa sikiliza. Wanasema watoto wa Zaituni lazima walelewe na mtu wa Zaituni. Ni kweli. Lakini hakuna aliyesema mtu huyo ni lazima awe mke wa Abdulhamid. Mimi ni bibi yao. Mwamini hawezi kunifungia lango, maana mkwe hafungiwi lango, na akithubutu nitakaa nje na vyungu vyangu, mji uone.

Treni ikitoka, Jumamosi nitakuwa Lubunga, upande wa pili wa mto. Uje na Nyota na Mohamadi mnipokee kwenye boti, maana nina mizigo. Ile nyumba ninaiogopa bado. Mtaingia mbele yangu.

Mwambie Abdulhamid atafute godoro gumu. Laini linaniumiza mgongo.

Mama yako